Istilahi za Ununuzi wa Nyumba: Malipo ya Awali, Arbuni na Mafunzo ya Mnunuzi

Miongoni mwa maandishi tuliyoletewa mezani hivi karibuni ili tuyapime lugha yake, vimo vijitabu viwili vilivyotayarishwa Marekani kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko. Vyote viwili vyahusu jambo moja, nalo ni mafunzo ambayo mtu hana budi kuyapitia kabla hajapewa msaada wa fedha za kununulia nyumba. Kijitabu cha kwanza chasomeka bila taabu. Cha pili ndicho kilichotupa kazi. Katika ukurasa wake wa mwanzo mnunuzi aambiwa asiwe na wasiwasi, kwani atasaidiwa "malipo ya chini", ila ni lazima amalize darasa "kabla ya kufunga nyumba".

Msomaji na ajiulize Mswahili atayafahamuje maneno hayo. Kwetu sisi kufunga nyumba ni kutia komeo au kufuli. Malipo ya chini yaweza kuwa malipo madogo, na mwenye masikio mepesi atasikia yale malipo ya chini kwa chini ambayo mtumishi wa umma amekatazwa kuyapokea. Mtafsiri hakukosea sarufi hata kidogo. Alichofanya ni kulichukua kila neno la Kiingereza na kuliwekea mwenzake wa Kiswahili, na mwishowe akapata sentensi ambayo haina mtu wa kuielewa isipokuwa yule aliyekwisha kuielewa kwa Kiingereza, naye huyo hakuwa na haja ya tafsiri.

Lau kama jambo lenyewe lingekuwa tangazo la mchezo wa mpira tungecheka na kupita. Lakini hapa mtu anatia saini deni ambalo kwa kawaida hulipwa kwa miaka 30. Wengi wa wasomaji wa vijitabu hivi ni watu waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakapitia makambi ya wakimbizi ya Tanzania, Burundi, Rwanda au Uganda, kisha wakapelekwa katika miji kama Louisville na Houston. Kiswahili ndicho lugha yao ya kusomea. Kama neno limekosewa, hawana pengine pa kulisahihishia.

Kwanza tuueleze mpango wenyewe, maana istilahi haiwezi kuundwa juu ya jambo lisilofahamika. Huko Marekani mtu anunuapo nyumba kwa mkopo, benki haimpi bei yote. Hutakiwa atoe sehemu yake mwenyewe, na benki ikamkopesha iliyobaki, nyumba ikiwa rehani. Kwa mikopo inayowekewa bima na Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1934, sehemu hiyo yaweza kushuka hadi asilimia 3.5 ya bei, kwa mtu mwenye alama za ukopaji zisizopungua 580. Kwa hiyo nyumba ya dola 200,000 yamtaka mnunuzi awe na dola 7,000 mkononi. Atakaye kuepa bima ya mkopo katika mikopo ya kawaida hutakiwa atoe asilimia 20, yaani dola 40,000. Juu ya hizo huja ada za wanasheria au mawakala wa hati, uthamini, usajili na mengineyo, ambazo aghalabu hufika asilimia 2 hadi 5. Kwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayelipa kodi kila mwezi, kuzikusanya fedha hizo ndiko kugumu kuliko kulipa marejesho yenyewe.

Ndipo majimbo, miji na mashirika yasiyo ya faida yalipoanzisha mipango ya kuwasaidia wanunuzi sehemu hiyo ya kwanza, kwa sharti kwamba mnunuzi ahudhurie mafunzo, aghalabu ya saa sita hadi nane, na apate cheti. Sharti hili lina historia yake. Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya mwaka 1968 iliruhusu serikali kugharimia ushauri kwa wanunuzi, na sheria hiyo hiyo ilianzisha mikopo kwa watu wa kipato kidogo waliotoa kianzio kidogo sana. Wengi waliuziwa nyumba mbovu zilizopakwa rangi juu juu, ushauri wenyewe haukuwafikia, na katika miji kama Detroit nyumba kwa maelfu zikatelekezwa na kurudi mikononi mwa serikali. Januari 1973 Rais Nixon aliisimamisha mipango hiyo. Baada ya msukosuko wa mikopo ya nyumba wa 2007 na 2008, jambo hili lilikazwa zaidi. Sheria ya mwaka 2010 iliunda ofisi maalumu ya ushauri wa makazi ndani ya Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, na tangu tarehe 1 Agosti, 2021 ushauri unaotakiwa na mipango ya Wizara hiyo hutolewa na mtu aliyefaulu mtihani wake.

Sasa tuyaendee maneno.

Kwa ile sehemu ya bei anayotoa mnunuzi mwenyewe, yapo mapendekezo mengi. "Kianzio" ni kifupi na kinapendeza, lakini katika hesabu na michezo kimekwisha kutumika kwa mahali pa kuanzia, na chaweza kumfanya msomaji adhani kuwa ni fungu la kwanza la marejesho. "Kilemba" kilipendekezwa na mzee mmoja wa pwani. Ni neno zuri kwa sauti, lakini wafanyabiashara wa mijini hulitumia kwa fedha anazopewa mwenye chumba cha duka ili mpangaji aingie, nazo ni mbali na kodi. Fedha za kilemba hazipunguzi deni lolote, ilhali hizi tunazozisema huingia katika bei ya nyumba. Tumependelea "malipo ya awali", ambayo yamekwisha kuzoeleka katika matangazo ya nyumba na viwanja hapa nchini na Kenya. Yana kasoro moja tu. Kwa Mkongo wa mjini, fedha zinazotangulia kutolewa kwa mwenye nyumba ni "garanti", ambayo mpangaji hurudishiwa akihama. Yafaa basi mara ya kwanza neno linapotajwa mtafsiri aongeze maelezo kuwa fedha hizi ni sehemu ya bei na hazirudishwi.

Kuna fedha nyingine zinazochanganywa na hizo. Mnunuzi akishakubaliana na muuzaji, huweka kiasi kidogo kwa mtu wa tatu ili kuonyesha kwamba hana mzaha. Mauzo yakikamilika kiasi hicho huhesabiwa katika malipo ya awali, lakini mnunuzi akighairi bila sababu inayokubaliwa na mkataba yaweza kumpotea. Mwenzetu mmoja ofisini alipendekeza tukiite "kishika nyumba", kwa mfano wa kishika uchumba. Tulicheka, kisha tukaona kuwa ameigusa maana barabara, kwa sababu kishika uchumba nacho ni ishara ya nia na chaweza kuleta ugomvi pande mbili zinapoachana. Hata hivyo hatukuwa na haja ya kuunda neno. Kiswahili kina "arbuni" tangu zamani, wafanyabiashara wa pwani waliitumia kwa maana hii hasa, nayo imo katika kamusi. Ni ajabu kwamba vijitabu vyote viwili vimezitaja fedha hizi kwa maneno matano au sita kila mara, na neno lipo limelala.

Tatizo kubwa kuliko yote limo katika neno "msaada". Kwetu msaada ni kitu cha bure. Anayesaidiwa hushukuru, hadaiwi. Mipango hii ya Marekani haiko hivyo daima. Msaada mmoja huwa ruzuku, nayo hairudishwi. Mwingine ni mkopo usiolipwa kila mwezi, bali hulipwa wote siku nyumba inapouzwa au mkopo mkubwa unapobadilishwa kwa mkopo mpya. Wa tatu ni mkopo ambao hupungua kila mwaka mnunuzi anapoendelea kukaa ndani ya nyumba, mpaka ukaisha wenyewe. Chukua mfano wa dola 10,000 zinazopungua kwa asilimia 20 kila mwaka kwa miaka mitano. Akihama baada ya miaka mitatu kamili, dola 6,000 zimekwisha kufutwa na 4,000 anadaiwa. Akikaa miaka mitano hadaiwi kitu. Mara nyingi deni hili la pili nalo huandikwa juu ya nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo ni rehani ya pili.

Kijitabu cha pili kiliuita mkopo huu "mkopo uliosamehewa". Tazama jinsi kiambishi kimoja cha wakati kinavyoweza kumponza mtu. Uliosamehewa ni ule ambao jambo lake limekwisha. Mdai ameondoa mkono. Msomaji atakayeamini hivyo, akapata kazi katika mji mwingine mwaka wa pili, ataiuza nyumba akidhani kuwa fedha zote zilizobaki ni zake. Kwa mfano wetu, akihama baada ya mwaka mmoja kamili, dola 8,000 zitakatwa mbele ya macho yake siku ya mauzo, na hatakuwa na wa kumlaumu ila karatasi. Pendekezo letu ni "mkopo wa kufutika", na maelezo yake yawe: deni lifutikalo kidogo kidogo kadiri mnunuzi anavyoendelea kuishi katika nyumba. Tumechagua kufutika badala ya kusamehewa kwa sababu msamaha hutegemea huruma ya mdai, na ufutikaji huu hutegemea muda na sharti la kuishi humo. Ule unaongoja siku ya kuuza tumeuita "mkopo wa kuahirishwa". Neno "msaada" twaweza kuliacha kama jina la jumla la mipango, lakini lisisimame peke yake katika sentensi inayomweleza mnunuzi atapewa nini.

Juu ya mafunzo yenyewe, wasomaji walimu watatusamehe tukikaa kidogo. Wamarekani hutofautisha mambo mawili, nayo ni mafunzo yanayotolewa kwa kundi, darasani au kwa njia ya intaneti, na mazungumzo ya mtu mmoja na mshauri yanayohusu mapato, madeni na bajeti yake yeye. Mipango mingine hutaka la kwanza tu, mingine yote mawili. Kwa mfano, kanuni za mpango wa shirikisho uitwao HOME, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990, zilirekebishwa mwaka 2013 zikamtaka kila mnunuzi anayesaidiwa apate ushauri. Kwa hiyo mtafsiri asiyaite yote "darasa". La kwanza na liitwe "mafunzo ya mnunuzi wa nyumba", la pili "ushauri wa makazi". Tumeepa makusudi kusema "ushauri nasaha". Maneno hayo ni mazuri, lakini katika nchi yetu yamefungamana mno na upimaji wa virusi vya UKIMWI, hata mtu akiona kibao cha "ushauri nasaha wa nyumba" atajiuliza nyumba hiyo ina ugonjwa gani.

Na huyo anayefunzwa ni nani? Vijitabu vyasema "mnunuzi wa mara ya kwanza". Tafsiri ni sahihi neno kwa neno, lakini mipango mingi humhesabu hivyo mtu yeyote ambaye hakumiliki makazi yake katika miaka mitatu iliyopita. Mama aliyekuwa na nyumba miaka minne nyuma, akaipoteza, atausoma ukurasa huo na kujitoa mwenyewe katika haki yake. Hapa istilahi haina la kufanya. Fasili ndiyo inayotakiwa, nayo iandikwe papo hapo, si katika ukurasa wa mwisho.

Tunarudi kwenye "kufunga". Maana yake ni siku ile ambayo hati zote hutiwa saini, fedha hutolewa na milki huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Tumeiita "ukamilishaji wa mauzo", na gharama zake "gharama za ukamilishaji". Umuhimu wake ni wa tarehe. Tangu Oktoba 2015 mkopeshaji katika mikopo mingi ya nyumba hutakiwa kumpa mnunuzi hati ya hesabu za mwisho angalau siku tatu za kazi kabla ya siku hiyo, na mipango mingi ya msaada hukataa cheti cha mafunzo kilichopatikana baada yake. Mipango mingine hutaka cheti mapema zaidi, kabla ya mkataba wa mauzo kutiwa saini. Mtafsiri aliyeandika "kabla ya kununua" amezifuta tofauti hizo zote kwa kalamu moja.

Jozi mbili za maneno zaleta hatari ya namna moja. Kijitabu cha pili kimetumia "ukaguzi wa nyumba" kwa kazi mbili zisizofanana. Mtu mmoja huja kwa ajili ya mkopeshaji kukadiria nyumba ina thamani gani. Mwingine huitwa na mnunuzi kutazama paa, mabomba, nyaya za umeme na msingi. Kazi ya kwanza ni "uthamini", ya pili ndiyo "ukaguzi". Mnunuzi akiambiwa kuwa ukaguzi umekwisha kufanyika, kumbe uliofanyika ni uthamini, ataingia nyumba yenye paa bovu akiamini limetazamwa. Walionunua nyumba zile za mwanzo wa miaka ya 1970 waliumizwa na jambo hilo hilo: thamani ilikadiriwa, uzima wa nyumba haukuangaliwa.

Jozi ya pili ni "bima ya nyumba". Iko bima inayomlipa mwenye nyumba ikiungua moto au kuezuliwa na upepo, na iko bima inayomlinda mkopeshaji mkopaji akishindwa kulipa. Zote mbili analipa mnunuzi. Ya kwanza na ibaki "bima ya nyumba"; ya pili iitwe "bima ya mkopo". Kwa mikopo isiyo ya serikali, sheria ya 1998 yampa mkopaji haki ya kuomba bima ya mkopo ikomeshwe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya awali ya nyumba. Asiyejua kuwa ni bima mbili hawezi kuomba kuondolewa moja.

Kuhusu "rehani" tumepata maswali kutoka kwa watumishi wa idara za ardhi. Wapo wanaosema kwamba rehani ni kitu kinachokabidhiwa kwa mdai, kama bangili dukani, ilhali nyumba hii inakaliwa na mdaiwa. Hoja ina nguvu kidogo, lakini sheria zetu za ardhi zimekwisha kulizoea neno hili kwa nyumba na viwanja, wala hatuoni faida ya kuling'oa. Afadhali kumkumbusha msomaji tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Kwetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa muda; kule mnunuzi kwa kawaida hununua nyumba pamoja na ardhi iliyo chini yake. Mtafsiri anayeandika "hatimiliki" kwa mambo yote mawili hakukosea, ila ajue kwamba neno moja limebeba sheria mbili.

"Riba" pia isibadilishwe. Tumeona mtu ameandika "faida ya benki" ili asiwaudhi wasomaji Waislamu. Nia ni njema, lakini msomaji Mwislamu ndiye hasa anayehitaji kujua wazi kama mkopo una riba au hauna, ili aamue mwenyewe.

Swali moja limeulizwa na mtumishi mmoja kwa haki kabisa: kwa nini Baraza la hapa lijishughulishe na vijitabu vya Marekani? Tarehe 11 Agosti, 2000 Rais Clinton alitia saini amri Na. 13166 iliyozitaka idara za serikali yake kuwafikia watu wasiojua Kiingereza vyema, na tafsiri nyingi za Kiswahili zilifanywa chini ya kivuli chake. Tarehe 1 Machi, 2025 Rais Trump aliifuta amri hiyo alipokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, akiziachia idara ziamue zenyewe kama zitaendelea. Mashirika ya mitaani sasa hutafsiri kwa uwezo wao, mara nyingi kwa mtu wa kujitolea aliyekimaliza Kiswahili chake darasa la sita kambini. Mtu huyo hatafuti falsafa ya lugha, anatafuta orodha ya maneno. Na maneno hayo hayo yanahitajiwa na karani wa benki wa Mwanza, kwa kuwa mikopo ya nyumba imo nchini mwetu nayo, na fomu zake bado ni za Kiingereza kwa sehemu kubwa.

Limebaki neno moja lililotushinda. Mkopaji akiwa amelipa sehemu ya deni, na bei ya nyumba imepanda, kuna thamani ambayo sasa ni yake halisi baada ya kuondoa anachodaiwa. Tumejaribu "hisa ya mwenye nyumba", lakini hisa yataka washirika. Tumejaribu "akiba ya nyumba", lakini akiba yawekwa kwa hiari, na hii yaweza kupungua bei zikianguka bila mwenyewe kugusa kitu. "Thamani safi" imependekezwa na wahasibu, nasi tunaishuku kwamba itaeleweka kwa wahasibu tu. Wasomaji waliosikia neno la jambo hili, hata kama ni la lahaja ya Pemba au Mvita, au la lugha nyingine ya Kibantu, twawaomba watuandikie kabla ya toleo lijalo, wakieleza limesikiwa wapi na hutumiwa na watu gani.